The Sopranos: bosi anayeanguka kwa sababu ya bata

Mbeya ikifika Juni, nikishafunga duka langu la vifaa vya shule pale Kabwe, hakuna pa kwenda zaidi ya chini ya blanketi. Ndivyo tulivyoimaliza The Sopranos mimi na Baba Neema: sizoni sita, episodi 86, kwenye flashi niliyojaziwa na kijana wa muvi pale Mwanjelwa. Ni tamthilia ya zamani, kituo cha runinga cha Marekani, HBO, walianza kuirusha Januari 1999 wakaifunga Juni 2007, lakini haijachuja hata kidogo.

Baba Neema ni dereva wa lori, njia yake ni Dar hadi Tunduma. Alitaka risasi. Episodi ya kwanza ikampa bata. Tony Soprano, bosi wa genge la New Jersey, pande la mtu, ana bata wa mwituni waliohamia kwenye bwawa lake la kuogelea, naye anaingia majini na joho lake la kuogea kuwalisha. Siku wanaporuka kuondoka, yuko anachoma soseji; pumzi zinamkata, anadondoka kama gunia. Hospitali wanampima, hawaoni ugonjwa. Anapelekwa kwa Dk. Melfi, daktari wa akili, na huko anakwenda kwa kujificha, maana wenzake wakijua bosi anakaa kwenye kiti kueleza huzuni zake, wanaweza kumuua.

Watu wanaisifu kwa ubabe. Mimi niliona kwamba nguvu zote za wanaume wale zimeegemea jambo moja: watu wasijue. Mtazame Junior, kaka wa marehemu baba yake Tony. Mzee anaogopwa, halafu siri ya chumbani inavuja, kwamba anamfurahisha mwanamke wake kwa namna ambayo genge linaiita udhaifu. Mwanamke aliyempenda miaka yote hiyo anakandikwa na Junior pai la limau usoni na kuachwa.

Melfi je? Sizoni ya tatu anabakwa, na mbakaji anaachiwa kwa uzembe wa polisi. Mbele yake ameketi mgonjwa ambaye kwa neno moja tu angemmaliza yule mtu. Tony anamwona analia, anamuuliza kama ana la kusema. Anajibu hapana. Tulikaa kimya mpaka majina ya waigizaji yakaisha kupita. Sijawahi kuona kwenye runinga mtu mwenye nguvu kama mama yule wakati ule.

James Gandolfini anamwigiza Tony hadi kwa pua: sikiliza anavyohema, utaijua hasira inapanda kabla hajafungua mdomo. Alifariki 2013 akiwa na miaka 51 tu.

Kasoro zipo. Zile ndoto za Tony ni ndefu, zinachosha. Kilichoniuma zaidi ni Tracee, binti anayecheza kwenye klabu yao. Anapigwa hadi kufa akiwa mjamzito, na wanaume wanachojadili ni kosa la Tony kumpiga muuaji, kwa kuwa ni mwenzao aliyekula kiapo cha genge. Najua waandishi walitaka tuuone ubaya huo. Bado sikulala. Matusi na uchi vimejaa, watoto walale kwanza.

Usiku ule wa bata, Baba Neema aliniomba nisimamishe. Mwaka juzi lori lake liligoma breki kwenye mteremko wa Iwambi, akaligongesha tuta la udongo, akatoka mzima. Nyumbani alisema tu, "Gari lilisumbua." Usiku huo ndipo aliponieleza kwamba tangu hapo, kila akifika juu pale mikono inakufa ganzi, anaegesha pembeni na kumdanganya tingo kwamba anakagua tairi. Alisema hayo akiangalia ukuta. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi, tukakaa hivyo hadi aliposema haya, iendelee.

Siku hizi akiegesha pale ananipigia. Hatuongei mengi. Ananiambia tairi ziko sawa, namwambia, "Haya baba, teremka polepole."