TAHADHARI: Wakala wa "masta za kompyuta Ujerumani", ofisi ghorofani Mwenge

Wakuu, kuna wakala ana ofisi ghorofani pale Mwenge, anapita kwenye magrupu ya WhatsApp akitangaza nafasi za masta na PhD za sayansi ya kompyuta Ujerumani: "ufadhili asilimia mia, utafiti wa akili mnemba". Mdogo wangu kamlipa laki sita ya kushika nafasi, kwa namba ya M-Pesa ya mtu binafsi. Haikupita wiki akadaiwa laki nne nyingine, eti bima ya profesa. Bima ya profesa jamani! Ndipo akaniletea barua niisome.

Barua yenyewe ni faili la Word. Ukibofya mhuri wa chuo unahama; unauburuta hadi juu ya jina la profesa ukitaka. Profesa yupo kweli, ukurasa wake uko kwenye tovuti ya chuo, ila anwani iliyoandikwa kwenye barua ni ya Gmail. Tukamwandikia kwa anwani ya chuo. Akajibu kwamba hamjui mwombaji huyo, na nafasi za masta hagawi yeye, zinapitia udahili.

Njia halali haina mambo haya. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo. Kuna pachache, kama jimbo la Baden-Württemberg, ambako Mtanzania hulipa euro 1,500 kwa muhula. Chuo kinachopokea maombi kupitia uni-assist (huduma ya kule inayokagua maombi ya wanafunzi wa nje kwa niaba ya vyuo), unawalipa wao moja kwa moja euro 75 kwa ombi la kwanza, 30 kwa kila linalofuata. DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, hawatozi ada ya maombi ya ufadhili. Na PhD kule mara nyingi ni ajira: inatangazwa, unahojiwa kwa video, ukipita unapokea mshahara. Sasa hiyo laki sita ni ya nini?

Ofisini tulienda. Bosi kasafiri, hela hairudishwi, kwaherini.

Wakala yeyote akikufuata, ulizia usajili wake TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wenyewe; cheti cha ukutani kisikuzuzue. Mliokwisha lipa, msifute meseji za muamala, zipelekeni polisi pamoja na barua, na namba iliyopokea hela iripotini kwa meseji kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Fanyeni chapu, grupu lao limeshabadilishwa jina, sasa hivi wanauza Kanada.