Kiboksi cha kupangia dawa: sijui nikisifu au nikichome

Msinunue. Au nunueni, ila msimruhusu mtu wa kaunta awapangie. Hasira bado haijanishuka, kwa hiyo mtanivumilia nikimlaumu huyu, mara yule, mara plastiki.

Mzee wangu yuko kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma, tangu miguu ianze kumsumbua, kabla ya hapo alikuwa Mpwapwa. Ana presha, ana sukari, na kliniki wakamwongezea ya mafuta kwenye damu. Kwa hiyo mezani kuna amlodipine ya presha, kuna ile ya kukojoza, kuna metformin ya sukari asubuhi na jioni baada ya chakula, kuna aspirini ndogo ya junia na atorvastatin, hiyo ya mafuta, usiku. Kila dawa na bahasha yake, kila bahasha na mwandiko wa mtu mwenye haraka: 1x1, 1x2. Mzee alifanya kazi reli, mtu wa ratiba, lakini zile hesabu zilimchanganya. 1x2, yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku, alikuwa anaisoma moja leo, mbili kesho.

Ndipo nikaelekezwa famasia moja upande wa Majengo. Jina silitaji. Wanauza viboksi vya siku saba, kila siku ina asubuhi, mchana na jioni, na mlangoni wamebandika kwamba ukinunua dawa zako kwao unapangiwa bure. Nikatoa hela. Kijana wa kaunta akapanga huku anaongea na simu, akanikabidhi, nikashukuru kabisa.

Mwanzoni nilikuwa nakisifia ofisini kule Mtumba kama vile nimekizaa mwenyewe. Na kweli kilisaidia. Nikirudi jioni naangalia chumba cha asubuhi: kitupu, amemeza, kimejaa, hajameza. Yale mabishano ya "nimeshakunywa" na "bado hujanywa" yakaisha nyumbani. Kasoro ndogo ndogo zilikuwepo. Herufi za siku zilifutika upesi, nikaandika upya kwa maka peni. Vumbi la huku kwetu linapenya kwenye vifuniko. Chumba cha mchana sisi hatuna kazi nacho, mzee anawekea vijiti vya meno. Hayo nayasamehe.

Nisichosamehe ni hiki. Yule kijana alizitoa dawa ZOTE kwenye karatasi zake, zile za kubonyeza kidonge kitoke. Si za wiki moja tu zilizoingia kwenye kiboksi. Za mwezi mzima! Zilizobaki akazimimina kwenye kimfuko kimoja cha nailoni, na zile karatasi zenye jina la dawa na miligramu akazitupa kwenye ndoo ya taka. Eti tusijaze makaratasi nyumbani.

Sikuona ubaya wake mpaka miguu ya mzee ilipovimba. Tukaenda kliniki, daktari akasema amlodipine hufanya hivyo kwa baadhi ya watu, tuishushe kutoka miligramu 10 hadi 5. Jambo dogo. Tukapewa za 5, tukaambiwa zile za 10 tuziondoe.

Tuziondoe zipi sasa? Nilimwaga kimfuko kwenye sinia. Metformin naijua kwa ukubwa wake. Zilizobaki ni nyeupe, nyeupe, nyeupe. Mbili za duara zinafanana kama kulwa na doto, moja ya presha na moja ya kukojoza, na mimi sina hata kipande cha karatasi cha kuniongoza. Nikikosea, mzee anameza 10 juu ya 5, au anaachishwa dawa ambayo hakuna daktari aliyesema aiache. Usiku ule sikulala vizuri, nasema ukweli.

Kesho yake tukarudi Majengo, mimi na mzee na sinia letu limefungwa kwenye kitambaa. Kijana yupo. Mzee kaingia na fimbo yake, kijana hajainua hata kichwa. Shikamoo hakuna. Nikamweleza taratibu, nikamwomba atutenganishie kwa kuwa yeye ndiye aliyezitoa. Akachungulia kidogo, akasema, "Dada, nyeupe zote hizo za presha, hakuna shida."

Hakuna shida! Atorvastatin ni nyeupe, nayo ni ya presha? Nikamuuliza hivyo hivyo. Akanijibu mbele ya wateja: "Kama wewe hujui dawa za baba yako, mimi nitazijulia wapi?"

Mzee akasema, "Mwanangu, sisi tumeuliza tu." Kijana akamgeukia mteja mwingine, akamuuliza anataka panadoli ngapi.

Hapo mimi sikuwa na adabu tena, na sitaandika niliyosema. Mzee ndiye aliyenishika mkono tukatoka. Ipo siku nitapeleka malalamiko Baraza la Famasia. Mtu anayetoa dawa anatakiwa kujua anachotoa, na kama hajui anamwita mfamasia wake. Mfamasia mwenyewe siku hiyo sikumwona. Labda naye angekuwa muungwana, sijui, sitaki kuwasema wote kwa sababu ya mmoja. Lakini duka ni lake na tangazo la mlangoni ni lake.

Aliyetusaidia ni nesi wa kliniki. Aliangalia sinia akatikisa kichwa, akasema dawa asiyoweza kusoma jina lake hampi mgonjwa. Metformin pekee ilinusurika, kwa sababu ina maandishi yake juu ya kidonge. Zingine zote tukamwachia akaziharibu. Bima haikutoa nyingine kwa kuwa mwezi haujaisha, kwa hiyo nililipa mfukoni. Ndiyo "bure" ya Majengo hiyo.

Nesi huyo huyo hakukikataa kiboksi. Alituambia tupange za wiki moja tu, zingine zibaki kwenye karatasi zake ndani ya mkebe, na maelezo ya kila dawa (jina, miligramu, ya nini, saa ngapi) yaandikwe kwenye karatasi moja ya kawaida yabandikwe ukutani. Akatukataza kukata zile karatasi za dawa vipande vipande na kuvitia kwenye vyumba, maana wazee huwa wanameza kidonge na ganda lake na linawachana koo. Akasema pia kiboksi tusikiweke dirishani. Pakiti nyingi zimeandikwa zitunzwe chini ya nyuzi 30, na joto la Dodoma la Oktoba na Novemba mnalijua.

Kwa hiyo kiboksi nakipa alama ngapi? Nilitaka kukipa sifuri. Nikirudi kufikiria, kazi yake kinaifanya, na asubuhi zangu zimekuwa nyepesi. Halafu nakumbuka "mimi nitazijulia wapi" na damu inachemka upya. Juzi nikaamua nikigawe kwa jirani, tutafute kingine kwa mtu mwingine. Mzee kagoma. Anasema aliyemtukana ni kijana, kiboksi hakijasema kitu, tena vijiti vyake vya meno vimo humo.