Ibuprofeni ya Kumeza au Krimu ya Haidrokotisoni kwa Ngozi Iliyoungua na Jua

Mvuvi mwenye ualbino anayerudi ufukweni Bagamoyo saa nane mchana, mabega yakiwa yamewiva na kuuma hata yakiguswa na shati, huenda dukani akaambiwa achague kati ya vidonge vya ibuprofeni na krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1. Kwa maumivu hayo ninapendelea ibuprofeni. Miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, huifanya ngozi itengeneze prostaglandini, kemikali zinazotanua mishipa midogo ya damu na kuzidisha maumivu, na dawa hii huzuia kimeng'enya kinachozitengeneza; kwa kuwa wekundu hufikia kilele baada ya muda wa saa 12 hadi 24 tangu kuungua, faida yake, ambayo ni ya wastani tu, huonekana zaidi ikimezwa mapema. Imezwe baada ya chakula na kwa maji ya kutosha, kwa sababu mwili ukipungukiwa maji dawa hii huweza kuumiza figo. Mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito au anayeshukiwa kuwa na dengi asiitumie. Parasetamoli itamfaa zaidi.

Krimu hutuliza mwasho wa sehemu ndogo, lakini ikipakwa baada ya kuungua hupunguza wekundu kidogo sana. Isipakwe juu ya malengelenge yaliyopasuka wala isigeuzwe mafuta ya kila siku, maana hukondesha ngozi.

Hakuna kati ya hizo inayorekebisha vinasaba vilivyoharibiwa na miale, na malengelenge yakienea, au homa na kizunguzungu vikianza, mgonjwa apelekwe hospitali bila kusubiri.