Kusomea udaktari wa ngozi RDTC (kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi) pale hospitali ya KCMC Moshi, maoni yangu

Nimesoma pale ile kozi ya miaka miwili ya maafisa tabibu na naisifia kwa moyo wote, ila ujipange kwelikweli. Kituo kipo tangu 1992 na wanafunzi wanatoka nchi kibao za Afrika, kwa hiyo darasani unakutana na watu wenye uzoefu tofauti tofauti.

Ugumu wenyewe ni huu, vitabu vingi vya ngozi picha zake ni za wazungu, unaambiwa utafute wekundu, sasa kwa mgonjwa mweusi wekundu wenyewe unakuja zambarau au kahawia iliyokolea au hauonekani kabisa, yani jicho lazima lijifunze upya na hilo hulipati kwa kukariri. Pale utapata, coz wagonjwa ni wengi mno, mapunye, upele, ukurutu, ukoma, dada zetu walioharibiwa na mikorogo, na watu wenye ualbino wanaokuja na vidonda vya kansa vilivyocheleweshwa, hao waliniuma sana. Nilipenda kwamba mafuta ya kujikinga na jua, Kilisun, yanatengenezwa hapohapo.

Wanaotaka ubingwa safari ni ndefu zaidi, miaka 5 ya MD (shahada ya udaktari), intern mwaka, halafu MMed (shahada ya ubingwa) miaka 4, na ada ndo inawakwamisha wengi. Mimi mwajiri wangu alichelewesha ruhusa mpaka nikakaribia kukata tamaa. Kama una mfadhili, omba mapema, na ujifunze kupiga picha nzuri za vidonda kabla hujaenda.