Kutia saini au kuridhia mkataba?

Vyumba vya habari Nairobi huchanganya maneno haya mawili kila mara, na kosa lenyewe si dogo.

Kutia saini ni kuonyesha nia. Mkataba ukihitaji kuridhiwa, saini ya waziri peke yake haiifungi nchi kutekeleza vifungu vyake. Inachodai, kwa mujibu wa Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba, ni nchi isifanye jambo la kuuvunjia mkataba shabaha yake.

Kuridhia ndiko kunakofunga. Nchini Kenya, Sheria ya 2012 kuhusu mikataba inataka Baraza la Mawaziri likubali kwanza, kisha Bunge la Taifa lijadili na wananchi watoe maoni. Baadaye Waziri wa Mashauri ya Kigeni hutia saini hati ya uridhiaji, nayo hukabidhiwa mtunza mkataba, yaani anayepokea na kuhifadhi hati hizo. Kwa mikataba mingi, huyo ni Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Hapo wengi hukosea: kura ya Bunge bado si uridhiaji. Hati isipowasilishwa, nchi haijafungwa.

Tazama Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC). Kenya ilitia saini Agosti 1999, ikaridhia Machi 2005, ukaanza kuifunga Juni 1 mwaka huo. Anayeandika "Kenya ilijiunga 1999" amekosea kwa takriban miaka sita.

Tangu Katiba ya 2010, kifungu cha 2(6), mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Uliotiwa saini tu haumo.