Seti ya kujenga seli ya neva: mota ziko sawa, ncha inahitaji fundi

Seti hii inauzwa kwenye duka la vifaa vya maabara kisiwani Mombasa. Bei yake ni nzito kwa shule ya kutwa, lakini kipimo chake kinairudisha: milimita moja ya modeli ni nanometa moja ya seli. Mikrotubuli, yaani vijibomba vya protini ambavyo ni reli za ndani ya seli, ni paipu ya plastiki ya milimita 25, ileile ya mafundi umeme, ikiwa na mistari 13 iliyochorwa kwa urefu wake. Kwa kipimo hicho, aksoni (mkia mrefu wa seli ya neva) ya mita moja ingefika kilomita 1,000, karibu sawa na kwenda Nairobi na kurudi. Mzigo hauwezi kuelea tu ukafika, lazima ubebwe.

Mbebaji ni kinesini, mota ya protini: miguu miwili ya sumaku, shina la sentimita 8, kifuko juu. Imetengenezwa vizuri mno. Alama za kukanyaga ziko kila milimita 8, kama hatua halisi ya nanometa 8, na kila hatua hula molekuli moja ya ATP, nishati ya seli. Mguu mmoja ushike paipu wakati mwingine unavuka. Yote miwili ikiachia, mzigo huanguka, na kinesini halisi hubanduka hivyohivyo.

Kabla ya kuunganisha, tazama rangi za paipu. Upande mwekundu ni ncha chanya, na kwenye aksoni pande zote nyekundu zielekee nje. Kinesini hufuata chanya. Dainini, mota nyingine, hurudi kwenye mwili wa seli. Ukipindua paipu moja tu, kinesini itarudisha shehena ilikotoka, na aksoni ikose utando wa kurefukia. Mchoro wa maelekezo umekosea kwenye dendriti, matawi mafupi ya seli: umeelekeza paipu zote upande mmoja, ilhali kwa mamalia zimechanganyika. Usiufuate. Vijiti vya kutenganisha paipu navyo visichanganywe: vya milimita 20 ni protini ya tau, vya aksoni, vya 65 ni protini ya MAP2, vya dendriti.

Tatizo kubwa ni ncha inayokua ya aksoni. Kamba ya aktini, nyuzi za protini za ncha hiyo, ina unene wa milimita 15, mara mbili ya inavyostahili. Tafuta ya milimita 7 kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi. Halafu ncha yenyewe imegandishwa, wakati kwenye seli hai aktini hujengwa ukingoni na miosini, mota ya aktini, huivuta nyuma muda wote. Funga bobini ya cherehani juu ya ncha, kisha iviringishe ikusanye kamba. Kamba ikiwa huru, inateleza kurudi nyuma na ncha haiendi popote. Ibane mezani kwa kibanio cha nguo, uviringishe tena: sasa ncha ndiyo inayosogea mbele. Protini zinazoshika sakafu iliyo chini ya seli hufanya kazi ya kile kibanio.

Sumaku zipakwe rangi ya kucha kabla ya kutumika, kwani upepo wa bahari wenye chumvi huzitia kutu, na mguu wenye kutu haubanduki kwenye alama yake.