Kikundi cha kuacha pombe jijini Mwanza: huduma njema, ila imefichika mno

Nilihudhuria mkutano wa wazi wa kikundi cha watu wanaoacha pombe, upande wa Ilemela, nikimsindikiza mdogo wangu anayefanya kazi ya uvuvi wa dagaa, ambaye hakutaka kuingia peke yake mahali asipomjua mtu. Sitakitaja kikundi wala jengo, kwa kuwa kutunziana siri ndiko kunakowapa watu ujasiri wa kuja. Nitaeleza tu namna ya kukifikia na yanayofanyika humo, na machache ya mdogo wangu aliyoniruhusu kuyasema.

Kukipata ni kazi kubwa. Namba ya simu tuliyoikuta kwenye intaneti haikupatikana, na jengo tuliloelekezwa mara ya kwanza lilikuwa limekwishageuzwa duka la vifaa vya ujenzi. Aliyetuokoa ni muuguzi wa kliniki ya afya ya akili, ambaye kwanza alimpigia mmoja wa wanakikundi kumwomba ruhusa, ndipo akatupa namba yake. Ningemshauri kila anayeanza apitie hospitali, na si kwa ajili ya namba tu. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akikatisha ghafla, anaweza kutetemeka, kupata degedege, kuchanganyikiwa na kuona mambo yasiyokuwepo, na hali hiyo huweza kuua. Kikundi hakina dawa. Mtu wa namna hiyo aonwe kwanza na daktari, iwe katika hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando, kisha aje akiwa salama. Nilifarijika kwamba mwendesha kikao mwenyewe alilisema jambo hili waziwazi kabla ya lolote, maana kikundi kinachojua mipaka yake ndicho ninachoweza kumkabidhi ndugu yangu.

Utaratibu wao ni ule wa Alcoholics Anonymous, ulioanzia mjini Akron, Marekani, mwaka 1935, pale Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote wawili walevi, walipoona kwamba kuzungumza wao kwa wao kunawasaidia kukaa bila kunywa. Sharti pekee la uanachama ni kutaka kuacha pombe. Hakuna ada wala daftari la mahudhurio. Kikapu cha mchango wa hiari kilipitishwa mwishoni, na sisi wageni tuliambiwa tusitoe kitu. Ndugu huruhusiwa katika mikutano ya wazi pekee, ile mingine ikiwa ni ya wenye tatizo wenyewe.

Palikuwa na viti vilivyopangwa duara, chai ya rangi, na hatua 12 za utaratibu huo, zilizosomwa kwa sauti. Kisha kila aliyetaka alijitambulisha kwa jina moja na kueleza hali yake, na hakuna aliyemkatiza, kumhoji wala kumpa mawaidha. Jambo hili la mwisho ndilo lililonigusa kuliko yote, kwa sababu nyumbani tumemwonya mdogo wangu kwa vikao vya ukoo, kwa machozi na kwa vitisho, lakini sikuwahi kumsikia akizungumza mfululizo kama alivyozungumza pale. Alieleza kuhusu mbalamwezi, siku ambazo taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi ikabaki mwaloni, fedha ikiwa mfukoni na wenzake wamekaa kilabuni tangu asubuhi. Mimi nilidhani giza na baridi ya ziwani ndivyo vinavyomnywesha, kumbe zinazomshinda ni siku za mapumziko. Waliomwelewa bila kueleza zaidi walikuwa wengi, na mmoja wao alikubali kuwa mtu wake wa kumpigia simu saa yoyote kiu inapomzidi.

Kwa wanaouliza kama njia hii inafaa kweli, mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, yalionyesha kwamba tiba za kitaalamu zinazomwandaa mtu na kumuunganisha na vikundi hivi huwasaidia wengi zaidi kudumu bila kunywa kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo. Hilo linaniongezea hoja ya hospitali na kikundi kwenda pamoja.

Nina malalamiko mawili. Kikao kilifunguliwa na kufungwa kwa sala ya Kikristo, ilhali hatua zenyewe humtaja Mungu kwa jinsi kila mtu anavyomwelewa. Katika mji wenye Waislamu wengi kama huu, dakika moja ya ukimya ingetosha na isingemfanya yeyote ajione mgeni. La pili ni muda. Mkutano wa jioni unamkosa mvuvi katika siku zote za giza, kwani saa hizo ndipo mitumbwi inapoingia ziwani. Kikao kimoja cha mchana kwa wiki kingewafikia watu wa Kirumba na mialo ya jirani, pamoja na wanawake wanaoanika dagaa, ambao nao wamo wanaokunywa na sikumwona hata mmoja.

Naomba pia namba ya kikundi, hata bila jina la mtu, iachwe kwenye zahanati na kwenye ofisi za BMU, yaani vikundi vya jamii vinavyosimamia uvuvi, mialoni. Mdogo wangu amekwishasema kwamba yuko tayari kuipeleka mwaloni kwao.